Mkono wa Mama Doreen

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilizunguka katika shule za Kakamega nikisimulia kisa cha uongo, na watoto wakanipigia makofi. Uongo wenyewe haukuwa wa kubuni. Kila nililolisema lilikuwa limetokea kweli. Niliacha jambo moja tu, na hilo moja ndilo lililobeba mengine yote. Nalisema hili mwanzo ili usinionee huruma kabla ya wakati wake.

Jina langu ni Bramwel, mzaliwa wa Shirere, hapa hapa kando ya mji. Mwaka wa 1960 nilipata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea ualimu, katika mji wa Bradford, mji wa viwanda vya sufu ambako masizi yalifunika hata kuta za makanisa. Siku ya kuondoka, mama yangu, Ayuma, aliniusia mambo mawili: nisisahau kusali, na nisisahau adabu. Kusali nilianza kusahau baridi iliponikolea. Adabu sikuisahau hata siku moja, na ndiyo iliyoniponza.

Huko nilijifunza kubisha mlango na kusoma uso wa anayeufungua. Madirisha ya nyumba za kupanga yalikuwa na vikaratasi: chumba kipo, weusi hapana. Wengine hawakuandika kitu. Walikufungulia, wakakutazama, kisha wakakumbuka ghafla kwamba chumba kilipata mtu jana. Kuna kondakta wa basi aliyeniwekea chenji kwenye kiti ili vidole vyake visiguse vyangu. Mtu huzoea baridi, huzoea hata viazi vya kila siku, lakini mlango wa kufungiwa usoni hauzoeleki. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa nikiiona dharau hata pale isipokuwapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Doreen Ackroyd ndiye aliyenipoza. Alikuwa karani katika maktaba ya mji, msichana mwenye meno ya mbele yaliyopishana kidogo, na kazi yake kubwa, kwa nilivyoona mimi, ilikuwa kuuliza maswali. Obusuma, ugali wetu, ni chakula gani, na mtu huulaje bila kijiko? Kwa nini watu humwita mama yangu Mama Bramwel ilhali ana jina lake mwenyewe? Nilimfundisha salamu yetu, mulembe, na tangu siku hiyo akawa ananisalimu hivyo kila nikiingia maktaba, mbele ya wazee waliokuwa wakisoma magazeti, nao wakiinua macho juu ya miwani. Tulipendana. Sina njia nyingine ya kulisema.

Nilimwandikia mama habari zake. Mama hakuuliza kuhusu rangi, aliuliza kama anajua kulima. Kisha akaikata doti ya leso yake ya maua mekundu, kipande kimoja akakiweka sandukuni mwake, cha pili akamtumia Doreen kwa posta. Doreen alijifunga leso ile kichwani akaenda nayo kazini.

Novemba ya 1962 akasema wakati umefika wa kuonana na mama yake. Baba yake alikufa vitani, na walikuwa wawili tu katika nyumba nyembamba iliyobanwa na nyumba nyingine pande zote. Mama yake alifanya kazi kiwandani, akisokota sufu. Tulipokuwa njiani, Doreen akaniambia kwa mzaha uliokuwa na kweli ndani yake kwamba nimtazame vizuri mama huyo, maana ndiye atakayekuwa mama mkwe wangu.

Laiti angenyamaza. Kwetu mama mkwe si mtu wa kufanyiwa mchezo. Hushikani naye mkono. Humtazami usoni. Huli mbele yake hata kama njaa inakuua, na mkikutana njiani mmoja hutoka njiani akampisha mwenziwe. Hiyo si chuki. Ni heshima inayopita zote, kwa kuwa huyo ndiye aliyemzaa yule atakayekuzalia wewe. Mjomba wangu alinifundisha hayo kabla sijaota ndevu, na hakunifundisha kwa maneno matupu, alikuwa na kiboko.

Usidhani sikuzijua desturi za Waingereza. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeshika mikono ya walimu, ya wachungaji, hata ya polisi mmoja. Mama Doreen angekuwa mwanamke mwingine yeyote wa Bradford ningeushika mkono wake nikautikisa mpaka bega limuume. Lakini neno mkwe lilikuwa limeshatamkwa. Mlango ulifunguliwa, akatokea mwanamke mfupi aliyevaa aproni iliyopigwa pasi, na akanyoosha mkono kabla hata hajasema neno. Nikarudi nyuma. Nikashika kofia yangu kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikageukia ukuta. Mkono wake ukabaki hewani.

Ndani meza ilikuwa imeandaliwa: nyama baridi, mkate, maharagwe, keki yenye zabibu. Hata mimi niliona kwamba vikombe vile havitolewi kabatini kila siku. Nikaketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Maswali yake niliyajibu huku nimeukodolea macho ukuta, na sikutia kitu kinywani. Doreen alinikanyaga mguu mara tatu chini ya meza, nami nikadhani ananipongeza.

Ndiyo, nilidhani nimefaulu. Niliamini heshima ni kama moto, haihitaji mkalimani, aliye karibu nayo atalihisi joto lake.

Tulipotoka nje Doreen alikuwa analia. Mama yake alikuwa amemwambia jikoni kwamba tangu azaliwe hajatukanwa hivyo, tena mlangoni pake mwenyewe. Neno lililonichoma lilikuwa hilo la mlango. Wiki ile ile nilikuwa nimefungiwa milango mitatu. Nikamwambia Doreen kwamba mimi nimetukanwa kwenye milango mingi ya mji huu na hakuna aliyenililia. Nikamwambia pia kwamba mama yake amepata alichokuwa akikitafuta, kisingizio cha kumnyima Mwafrika binti yake. Kisha nikaenda zangu bila kugeuka.

Baada ya siku nne ikaja barua yake. Ilikuwa fupi. Mama hasemi neno juu ya rangi yako, aliandika. Anauliza jambo moja tu: kwa nini uliukataa mkono wake? Mimi nimemwambia lazima kuna sababu, kwa sababu wewe si mtu wa kukosa adabu. Niambie hiyo sababu nimpelekee.

Mistari mitano ingetosha. Lakini niliisoma barua ile kwa macho ya mtu aliyefungiwa milango, na badala ya swali nikaona hakimu anamhoji mshtakiwa. Nikajiambia kwamba Mzungu mwenzao asingeulizwa. Nikaifungia barua sandukuni. Doreen alikuja bwenini mara mbili, na mara zote mbili nilimwagiza mwenzangu aseme sipo, nami niko juu ya ngazi nasikia sauti yake.

Nilirudi nyumbani Desemba ya 1963, bendera mpya zikipepea hata juu ya vibanda vya sokoni. Nikapata kazi ya ualimu katika shule moja ya sekondari hapa mjini, na kwa kuwa kila mtu alitaka kusikia habari za ng'ambo, nikawa mtu wa kualikwa. Nilisimulia vikaratasi vya madirishani. Nilisimulia yule kondakta. Mwisho nikileta kisa cha mama aliyenikaribisha kwa keki kisha akanitenga na binti yake kwa ajili ya ngozi yangu, na hapo ndipo makofi yalipozidi. Habari ya mkono sikuisimulia. Sikumwambia hata mama, kwa maana yeye angeelewa mara moja.

Jumamosi moja ya Aprili 1965 gari la wamisheni lilisimama barabarani karibu na kwetu. Akashuka mwanamke mfupi wa Kizungu, amevaa koti zito lisilofaa kwa jua letu. Nilimtambua kabla hajaufikia ua. Alikuwa amekonda mpaka shingo imebaki mishipa. Mkoba wake aliushika mbele ya tumbo kwa mikono miwili, na safari hii hakunyoosha mkono. Nikaona haya, kisha nikaona hasira kwa sababu ya kuona haya.

Anwani yetu, aliniambia, aliipata kwenye karatasi iliyofunga ile leso, na wamisheni ndio waliomwelekeza. Nikamkaribisha ndani. Hakusogea.

"Doreen amefariki," akasema. "Mwezi wa pili, kwa ugonjwa wa figo. Sikuja kugombana nawe. Nimekuja kukuuliza lile swali, kwa kuwa yeye aliliuliza mpaka mwisho."

Kwa miaka miwili na zaidi nilikuwa nikimfikiria Doreen yuko pale pale maktabani, anagonga mihuri, ananichukia au ameolewa, lakini yuko. Kumbe nilikuwa nikihutubia juu ya mtu anayekufa. Na jibu je? Jibu nililijua tangu zamani, lilikuwa tayari mdomoni, na nikaona kwamba nikilitoa tu, kile kisa changu chote, makofi na yote, kitanigeukia mimi. Nikamwambia aketi kwanza, anywe chai. Huo ndio ushujaa wangu.

Mama akatoka jikoni akijipangusa mikono. Nilipomwambia huyu ni nani, uso wake ulikunjamana. Yeye alimjua mwanamke huyu kwa masimulizi yangu tu, yule mama wa keki. Hata hivyo mgeni ni mgeni, akamsogezea kiti kivulini. Mgeni akafungua mkoba, akatoa leso ya maua mekundu, akampa kwa mikono miwili.

Mama aliitazama. Akaingia ndani, akarudi na kipande chake, akaviweka viwili hivyo magotini, ukingo kwa ukingo, pale mkasi wake ulipopita. Vikaungana sawasawa.

"Msichana yuko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia. Mama akaweka mikono kichwani akapiga yowe, moja kwanza, halafu mfululizo, akitembea uani huku na huko kama anavyoliliwa mtoto wa nyumba. Jirani yetu, Nanjala, alipita ukutani mwa michongoma akiwa tayari analia kabla hajauliza ni nani aliyekufa. Mama Doreen alishtuka, akanitazama kama anayeuliza amekosa nini. Nikamwambia kwamba wanamlilia binti yake. Hapo akaketi chini kwenye kizingiti, koti na yote, akalia nao, mwanzo bila sauti, kisha kwa sauti kubwa. Baadaye aliniambia kwamba kwao, siku ya maziko, watu walimshika kiwiko wakamsifu kwa ujasiri, na tangu siku hiyo hakuwa amepata mahali pa kulia.

Mimi sikulia. Nilisimama kando ya mti wa mparachichi nikijichukia.

Mama akaamuru ingokho, kuku wa mgeni, achinjwe. Nanjala akamkimbiza kuku mwenyewe, machozi yangali mashavuni. Saa tisa mvua ikaanza, kama inavyoanza hapa kila alasiri ya msimu ule, nasi tukaingia sebuleni. Mama akakaa karibu na mlango, mgeni akakaa nami mezani. Mgeni aliusukuma kando mchuzi wa kuku baada ya tonge mbili za kujaribu.

"Sasa nijibu," akasema.

Nilifungua kinywa. Mbwa akabweka. Patroba Sifuna, mume wa dada yangu Jael, alikuwa anaingia uani na gunia begani. Yeye na Jael walikuwa wamepata shamba kule Lumakanda, katika yale mashamba waliyoyaacha Wazungu, na siku hiyo alikuwa amepanda lori la mahindi kuja mjini, akaona amletee mama yetu chakula. Alitembea kwa haraka akiikimbia mvua, ameinama, hatua kumi kutoka mlangoni. Kisha akainua macho, akamwona mama.

Aligeuka hapo hapo, na gunia lake begani. Mama naye alikwisha kujitupia leso kichwani na kuukabili ukuta. Patroba akalitua gunia chini ya paa la ghala, akavua kofia, akasimama ametupa mgongo kwa upande. Siku nyingine angeingia katika simba yangu, ile nyumba ndogo ya kijana iliyo pembeni ya ua, lakini nilikuwa nimeifunga na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Paa la ghala halifuniki mtu mzima. Maji yalimwagika begani mwake yakishuka mpaka kwenye viatu.

Mama Doreen akainuka. Akauliza yule ni nani, na mbona haingii. Nikamjibu kwamba anangoja mvua iishe.

"Lakini yumo ndani ya mvua," akasema. "Na hapa pana nafasi. Mwambie aingie."

Mama aliuona wasiwasi ule usoni mwa mgeni. Mama yangu anaamini kwamba kila Mzungu anajua Kiswahili, kwa kuwa wale wa mashamba ya juu walikijua vya kutosha kutukania watu. Akamwambia moja kwa moja, kwa upole, leso ingali kichwani:

"Wewe usijari, Mama Dorini. Huyu ni mkwe yangu. Yeye anaheshimunga mimi sana. Mimi nikiwa ndani hawezi ingia. Mkono yangu hawezi shika, na chakula hawezi kula kama mimi naona. Hiyo ni kijana ya adabu kabisa."

"Anasema nini?" Mama Doreen akaniuliza.

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema kwamba Patroba ana matope, kwamba ni mwenye haya, kwamba ni mjinga. Mama akanitazama, asijue kwa nini namkawiza mgeni.

"Mwambie," akasema. "Kwani nimesema vibaya?"

Basi nikatafsiri. Nilianza na neno mkwe, nikaenda hatua kwa hatua, na nilipofika kwenye mkono nikakosea, nikairudia sentensi yote tangu mwanzo. Mama Doreen hakunitazama. Alikuwa anautazama mgongo wa Patroba, ile shingo iliyoinama, ile kofia iliyolowa aliyokuwa ameishika kwa mikono miwili mbele ya kifua.

"Na yule aliyesimama mlangoni kwangu," akasema. "Naye alishika kofia hivyo hivyo."

"Ndiyo."

"Hukuniona kinyaa."

"Hapana, Mama. Nilikuona mkwe."

Akaketi. Akaiweka mikono yake mezani akaitazama, mikono yenye makovu madogo ya nyuzi za kiwandani.

"Kijana wa kwetu angeukataa mkono wangu, ningemuuliza pale pale ana wazimu gani," akasema. "Wewe sikukuuliza. Nilikwenda jikoni nikamuuliza binti yangu, kana kwamba wewe huna mdomo. Nilidhani nimekwisha kukujua. Nilidhani watu weusi mnatuchukia, na kwamba wewe ulikuja kunionyesha hivyo mezani pangu."

Ningekuwa mwungwana ningemwacha abebe sehemu yake tu, niibebe yangu. Kwa dakika nzima nilitamani kumwachia yote. Lakini tayari alikuwa amekunja uso, kuna jambo lilikuwa limemjia.

"Alikuandikia," akasema. "Najua alikuandikia, mimi ndiye niliyempa stempu. Ilikufika?"

"Ilinifika."

"Ulijibu ikapotea?"

"Sikujibu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinieleza kwa sauti ya kawaida tu kwamba Doreen aliamka mapema kila asubuhi ili awahi tarishi, kwanza kwa wiki, kisha kwa miezi, na kwamba hata hospitalini alikuwa akimuuliza kama kuna barua. Walipogombana juu yangu, na waligombana sana, neno lake lilikuwa lile lile: kuna sababu, Mama, iko sababu tu. Mama Doreen alikuwa amekuja mpaka huku, akiwa na hakika moyoni kwamba hakuna, ili amalize ugomvi na maiti. Sasa alikuwa ameiona sababu imesimama uani, inatota.

"Alisema kweli," akasema. "Alisema kweli, na mimi nilimbishia mpaka kitandani."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kama mtoto, kichwa mezani, kando ya sahani ya kuku iliyopoa. Mama akasogea, akataka kuelezwa, nami nikamweleza kwa lugha yetu tangu mwanzo, mlango, mkono, barua, kujificha juu ya ngazi, na yale makofi ya shuleni. Nilitarajia matusi. Mama ana ulimi mkali na ni mwepesi wa kuutumia. Lakini alizitazama zile leso mbili.

"Kuuliza si ujinga," akasema. "Yule mtoto alikuuliza vizuri. Mimi nilikufunza adabu, Bramwel. Sikukufunza kiburi, hicho umejitafutia mwenyewe." Kisha akaniambia nikamfungulie Patroba kabla homa haijamwingia.

Nikatoka na ufunguo. Patroba alikuwa anatetemeka. Akaniuliza mbona macho mekundu, nikasingizia moshi. Akauliza mgeni ni nani, na nilipojaribu kujibu nikakosa neno la kumwita mwanamke yule, kwa sababu neno lenyewe nilikuwa nimelipoteza kwa mikono yangu. Nikamwambia ni mama wa rafiki yangu. Nikampelekea chakula katika simba, akala akiwa peke yake na mlango umerudishwa, kama inavyostahili.

Gari la wamisheni lilirudi saa kumi na moja, mvua imekatika. Mama Doreen alitaka kuiacha leso, akisema ni mali ya nyumba hii. Mama alikataa katakata. Aliikunja, akairudisha mkobani mwa mgeni kwa mkono wake, akasema kitu kilichotolewa kwa moyo hakirudi, na kwamba anaye binti mmoja kule ng'ambo mwenye leso kama yake, na atabaki naye. Nilipotafsiri, nilitafsiri vyema. Nilikuwa nimekoma kuchezea maneno ya watu.

Nikatangulia kwenye njia iendayo barabarani, ile iliyo katikati ya michongoma, nikasimama mwishoni. Nilikuwa nimeamua. Nilijiambia kwamba mwanamke huyu alininyooshea mkono mlangoni pake nikauacha hewani, na hakuna mila wala mjomba atakayenizuia leo. Nitaushika mkono wake kwa desturi ya kwao, mbele ya mama yangu, nimtazame machoni, nimwombe radhi. Ikiwa ni kuvunja mwiko, basi uvunjike. Deni la Doreen halikuwa na malipo mengine. Nikajipangusa kiganja kwenye suruali mara mbili.

Alikuja polepole kwa sababu ya utelezi, mama akimfuata nyuma. Alipokuwa karibu nami nikanyoosha mkono.

Aliuona. Alisimama. Akafungua mkoba, akaitoa ile leso, akajitanda kichwani kama alivyokuwa amemwona mama akifanya alasiri, vibaya, upande mmoja ukining'inia. Kisha akatoka njiani. Alikanyaga nyasi zilizojaa maji kwa viatu vyake vya mjini, akanigeuzia bega, akaukabili ukuta wa michongoma, kichwa chini, akisubiri.

Sikuelewa. Nilibaki pale pale, mkono wangu umenyooka hewani, vidole vimeanza kupata baridi.

"Rudisha mkono," mama akaniambia kwa sauti ya chini. "Huyo ni mkwe wako."

Nikaurudisha. Nikavua kofia, nikaishika kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa mpaka aliponipita.